Kutoka Usawa wa Bahari hadi Lenana: Mwongozo Kamili wa Kupanda Mlima Kenya kwa Mkaazi wa Mombasa

Mtu wa Nanyuki akiamua kuupanda Mlima Kenya, mwili wake tayari umezoea kulala kwenye mita 1,950 hivi. Wewe wa Kisauni, Likoni au Majengo unaanzia sifuri. Safari zinazouzwa kwa wingi ni za siku nne au tano, na nyingi zimepangwa kwa kumfikiria mtu anayetoka Nairobi, ambako mwinuko tayari unakaribia mita 1,700. Ukiifuata ratiba hiyo huku jana yake ulikuwa ufuoni Nyali, unaweza kufika, lakini mara nyingi utafika ukitapika. Kwa hiyo punguza gharama popote utakapo, ila masiku ya kulala njiani usiyapunguze. Mengi ya humu yametokana na hilo.

Chagua kilele kabla ya kuchagua njia

Mlima Kenya una vilele vitatu vikubwa. Batian una mita 5,199, Nelion 5,188, na Lenana 4,985. Majina hayo ni ya malaiboni, yaani viongozi wa kiroho wa Kimaasai, na yaliwekwa na Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika Batian Septemba 1899 pamoja na waelekezi wawili wa milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Miaka 30 ikapita kabla mtu mwingine hajasimama pale. Mwaka 1929 Eric Shipton na Wyn-Harris ndio waliofika, na wakawa wa kwanza kuupanda Nelion pia.

Pengo hilo la miaka 30 lina sababu. Batian na Nelion si vilima vya kutembea. Ni kuta za mwamba mtupu, unazipanda kwa kamba, kofia ngumu na vyuma vya kushikiza, urefu wa kamba moja baada ya mwingine kwa siku nzima, halafu unashuka kwa kuning'inia kwenye kamba hiyohiyo. Njia ya kawaida ya kaskazini ya Batian ilifunguliwa mwaka 1944 na Arthur Firmin na Peter Hicks, na kwa ujumla hupandwa kati ya Juni na Oktoba, jua linapokuwa upande huo na mwamba umekauka. Upande wa kusini, unaotumika zaidi kwa Nelion, msimu wake ni Desemba hadi Machi. Anayeutaka Batian aanze kwa kujifunza kamba kwenye miamba ya Lukenya au Hell's Gate akiwa na wazoefu. Chama cha wapanda milima, Mountain Club of Kenya, kipo tangu 1949 na ndipo pazuri pa kuanzia kuuliza. Usidanganywe na mtu anayekwambia atakufundisha hukohuko juu.

Lenana hauhitaji kamba. Unahitaji miguu, mapafu na subira, na hapo mwishoni kuna vyuma vya kushika vilivyopigiliwa kwenye mwamba. Mwongozo huu ni wa Lenana.

Anza kwa daktari

Watu wengi huanza kwa kununua buti. Anza kwa daktari, kwa sababu sisi wa pwani tuna mambo mawili ambayo waelekezi wa bara hawawazi kukuuliza.

La kwanza ni selimundu. Chembechembe zake za urithi zipo kwa wingi pwani kuliko sehemu nyingi za nchi, na wapo watu wazima wanaozibeba bila kujua. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabisa, maana hewa haba huzifanya seli zigeuke umbo na kuziba mishipa. Aliyebeba chembechembe bila kuugua naye azungumze na daktari kwanza, kwa sababu wapo waliowahi kuumia wengu wakiwa milimani. Kipimo cha damu ni rahisi.

La pili ni malaria. Unaweza kuondoka Mombasa mzima na vimelea vikiwa tayari mwilini, homa ikakukamata siku ya tatu ukiwa mita 4,000. Maumivu ya kichwa, uchovu na kichefuchefu vitafanana na ugonjwa wa mwinuko, na kila mtu atakwambia "ni mlima tu". Homa kali si dalili ya kawaida ya mwinuko. Ikikupanda, shuka ukapimwe. Na ukijisikia vibaya wiki ya kuondoka, pima kabla ya kupanda treni.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo aonane na daktari pia, na mjamzito aahirishe. Kama unazamia baharini kwa mtungi wa hewa, acha walau saa 24 zipite kabla ya kuelekea milimani. Muulize daktari kuhusu acetazolamide, dawa inayouzwa kama Diamox. Dozi ya kinga iliyozoeleka kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, ikianza siku moja kabla ya kupanda. Husababisha ganzi ya vidole na kwenda haja ndogo mara kwa mara, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme mapema. Dawa husaidia mwili kuzoea, lakini haibadilishi ratiba mbaya kuwa nzuri.

Msimu

Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei huifanya njia kuwa tope, na vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta mvua chini na theluji juu. Mwaka ambao Ramadhani inaangukia msimu mzuri, panga kabla au baada. Kufunga na kupanda haviendi pamoja, kwa kuwa mlimani unatakiwa kunywa lita tatu hadi nne za maji kwa siku.

Mazoezi kwenye mji usio na mlima

Jipe miezi mitatu. Mombasa ni tambarare, lakini ngazi haziko haba. Tafuta jengo la ghorofa sita au saba lisilo na lifti, omba ruhusa kwa mlinzi, kisha panda na kushuka kwa dakika 40 mara tatu kwa wiki. Baada ya mwezi ongeza begi la kilo nane mgongoni. Chupa za maji zinatosha, na ukichoka unazimwaga. Usiidharau sehemu ya kushuka. Magoti na misuli ya mapaja huharibikia kwenye kushuka, kwa njia ya Chogoria utakayorudia, si kwenye kupanda. Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yametoka, tembea ufuoni kwenye mchanga laini kwa saa mbili au tatu. Wanaozunguka Mama Ngina kila alfajiri wanafanya jambo jema kwa moyo, ila kwa mlima huu barabara ya lami haitoshi.

Mwezi wa mwisho nenda Kasigau. Ni mlima wa mita 1,641 unaochomoza peke yake kwenye nyika ya Taita Taveta. Unashuka basi Maungu kwenye barabara ya Nairobi, unaingia ndani hadi vijiji vya Rukanga au Bungule, unachukua mwenyeji wa kukuongoza, na unapanda takriban mita 1,000 kwa siku moja. Ukishuka ukiwa bado unaweza kupiga hadithi, miguu yako iko tayari. Wikendi nyingine nenda Wundanyi uupande Vuria, wenye mita 2,208, angalau uonje baridi. Shimba Hills ni pazuri kwa matembezi, ila ni pafupi mno kwa jaribio hili.

Mazoezi haya yote hayakuzoeshi hewa haba. Kijana anayekimbia kilomita kumi kila siku huumwa mwinuko sawasawa na mwingine, na pengine zaidi, kwa kuwa anakwenda mbio.

Nguo na vifaa

Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Mombasa ikiwa nyuzi 28, hesabu inakupa chini ya sifuri kule Lenana, na upepo wa alfajiri bado hujauhesabu. Vaa kwa matabaka. Ndani iwe fulana ya kitambaa kinachokauka haraka, juu yake sweta ya sufu au flisi, kisha jaketi nene lenye manyoya ndani, na nje kabisa koti lisilopenya mvua wala upepo. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani. Pamba ikilowa jasho haikauki, na mlimani hiyo ni njia ya mkato ya kugandishwa.

Kongowea kuna jaketi nzito za mtumba ambazo wenyeji hawazigombanii, kwa sababu zilizo wazi. Chambua hapo kabla ya kwenda dukani. Viatu ndivyo nisivyokushauri kubahatisha. Nunua buti zinazoshika kifundo cha mguu, nafasi ya kidole ibaki mbele ukiwa na soksi nene, na uzivae kwenye zile ngazi kwa majuma kadhaa. Buti mpya kabisa hazipelekwi mlimani. Mfuko wa kulalia unaostahimili baridi chini ya sifuri, pamoja na fimbo za kutembelea, unaweza kukodisha kupitia mwelekezi wako huko Nanyuki. Ongeza boshori, glavu pea mbili, taa ya kichwani na betri za akiba, miwani ya jua, mafuta ya kukinga jua na ya midomo. Ngozi nyeusi nayo huungua pale ikweta kwenye mita 4,000, midomo ikitangulia. Kikoi kibebe, kitakusaidia kubadilisha nguo.

Simu na betri za akiba zilale nawe ndani ya mfuko, maana baridi huzimaliza chaji.

Kibali na watu wa kwenda nao

Mlima uko ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1949 na inayosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la serikali. Kiingilio na ada ya kupiga kambi hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni, kwa hiyo lipia ukiwa bado na mtandao mzuri. Viwango hubadilika, soma vya siku hiyo. Mwananchi abebe kitambulisho chake halisi ili atozwe bei ya mwananchi.

Hairuhusiwi kwenda peke yako. Tafuta mwelekezi mwenye kitambulisho cha kazi cha KWS, na umuulize maswali kabla ya kutoa arbuni. Ameshawahi kumshusha mgonjwa usiku? Njia gani, na alifanyaje? Atakubali kuongeza usiku mmoja Old Moses, kambi ya kwanza njiani? Akikujibu kwamba siku nne zinatosha na wewe ni kijana, mtafute mwingine. Patana naye mapema malipo yake, ya mpishi na ya wapagazi, mzigo wa kila mmoja, na bahashishi ya mwisho. Wapagazi wanaobeba gesi na mahema yako wengine wana jaketi nyepesi kuliko lako. Ukiona hivyo, lile la ziada ulilonunua Kongowea lina kazi. Na uwe na bima au uanachama wa uokoaji, ila uliza waziwazi kama unagharamia kuokolewa mlimani na si kusafirishwa kwa ndege kutoka uwanjani tu.

Njia, usiku baada ya usiku

Njia kuu ni tatu. Naro Moru ni ya haraka, na kwa sababu hiyohiyo siipendekezi kwa mtu wa pwani. Ina kinamasi cha mteremko kinachochosha, na inakupandisha upesi mno. Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi, ni kavu na hupanda taratibu. Chogoria, mashariki, ndiyo yenye mandhari ya kupendeza kuliko zote. Panda Sirimon, shuka Chogoria.

Kutoka Miritini, treni ya SGR inachukua kama saa tano au sita hadi Nairobi. Ukifika, chukua matatu ya Nanyuki, takriban kilomita 200 kupitia Sagana na Karatina. Lala Nanyuki. Huo ndio usiku wa kwanza wa kuzoea mwinuko, na hauna gharama kubwa. Miraa na pombe viache, vyote viwili huharibu usingizi na kukausha mwili.

Asubuhi gari linakupeleka lango la Sirimon, mita 2,650, ukikata kulia kwenye barabara ya Meru. Kilomita tisa za njia pana hukufikisha kambi ya Old Moses, mita 3,300. Humu msituni mna nyati na ndovu, kwa hiyo usimwache mwelekezi nyuma. Utafika mapema na utajiona shujaa. Usiendelee. Lala hapo masiku mawili. Siku ya pili panda hadi karibu mita 3,800, keti saa moja, urudi kula na kulala. Panda juu mchana, lala chini usiku. Kanuni ya madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi za mahali pa kulala kwa siku, na baada ya siku tatu au nne upumzike.

Ratiba za kawaida huruka kutoka Old Moses hadi kambi ya Shipton, mita 4,200, siku moja, kilomita 14. Ni mita 900 kwa mkupuo. Wewe kipande hicho kigawe mara mbili. Lala hemani Liki North, karibu mita 3,990 (hapo unazidi zile mita 500, ndiyo sababu ya masiku mawili ya Old Moses), kisha kesho yake utembee kipande kilichobaki kupitia bonde la Mackinder, katikati ya lobelia na miti minene ya senesio inayozidi kimo cha mtu. Ukitokea Shipton, Batian na Nelion viko mbele yako kama ukuta. Pimbi wa hapo hawaogopi watu, na mfuko wa chakula ulioachwa wazi ni wao.

Lala Shipton masiku mawili pia. Kati yake panda pole pole hadi kwenye mwanya wa Hausburg, takriban mita 4,600, urudi. Usiku wa mwisho kula mapema na ulale ukiwa umevaa nguo za kesho.

Saa nane na nusu usiku ndiyo saa ya kuondoka. Ni mita 785 za kupanda kwenye changarawe inayoteleza, hatua moja mbele na nusu nyuma, kwa saa tatu hadi tano. Vuta pumzi kila hatua. Ukishindwa kuongea sentensi nzima, unakwenda kasi mno, hata kama wenzako wamekuacha. Utapita kidimbwi cha Harris, kisha vyuma vya kushika, na mnamo saa kumi na mbili na nusu jua huchomoza. Shinikizo la hewa pale ni kama asilimia 54 ya lile la Mombasa. Barafu ya Lewis chini yako imebaki kipande tu cha ilivyokuwa wakati wa Mackinder. Kaa dakika ishirini, piga picha, shuka.

Ugonjwa wa mwinuko

Kuumwa kichwa ukiwa na kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au kukosa hamu ya kula ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Ukiupata usipande hata mita moja. Kaa, kunywa maji, subiri. Ukipona, endelea. Usipopona, shuka.

Hatari mbili ndizo zinazoua. Maji yakiingia mapafuni, mtu hukosa pumzi hata akiwa ameketi, hukohoa, na makohozi huweza kuwa na povu au rangi ya damu. Ubongo ukivimba, mtu huchanganyikiwa na kuyumba. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Asipoweza, hakuna kungoja asubuhi. Mshusheni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha, angalau mita 500 hadi 1,000 chini. Anayeugua mara nyingi hukataa na kusema yuko sawa. Uamuzi usiwe wake. Mkubaliane hivyo kabla hamjaondoka Nanyuki, na kila mmoja aape kutoficha maumivu ya kichwa. Dawa za kulalia usitumie.

Chakula na sala

Juu hamu ya kula hupotea, kwa hiyo beba unachokipenda. Tende ni bora kuliko biskuti, kashata za njugu ni nzuri, mabuyu hukata kichefuchefu. Mpishi ataleta wali, viazi, supu na mayai. Mkitaka nyama ya halali, nunueni wenyewe Nanyuki, na mwambieni mapema. Tangawizi iliyosagwa humfurahisha kila mtu kambini, mwelekezi akiwamo.

Kibla kutoka mlimani ni kaskazini, kwa mwelekeo mdogo wa mashariki. Msafiri ana ruhusa yake ya kupunguza na kuunganisha sala. Maji ya vijito yana baridi ya kukatisha vidole, basi omba ya moto jikoni, na kama hali hairuhusu muulize shekhe wako kuhusu tayamamu kabla ya kuondoka.

Wenyeji wa pande hizi, Wakikuyu, Wameru na Waembu, wanauhesabu mlima huu kuwa mahali patakatifu. Usipige mayowe kileleni, na takataka zako shuka nazo zote.

Kushuka Chogoria na kurudi pwani

Kutoka kileleni unashukia mashariki, kupita vidimbwi vya Hall Tarns ambapo mwamba uitwao Temple unaning'inia juu ya ziwa Michaelson. Miguu ikiwa bado na nguvu, teremka zaidi kabla ya kulala. Kila mita unayoshuka inakupa usingizi bora. Fupisha fimbo zako wakati wa kupanda na uzirefushe wakati wa kushuka, na ukate kucha za miguu kabla ya siku hii, la sivyo zitageuka nyeusi.

Kesho yake unafika lango la Chogoria, karibu mita 2,950, kisha kuna barabara mbovu ya msituni, kilomita 30 hivi hadi mji wa Chogoria. Gari la magurudumu manne liwe limeagizwa na bei imepatanwa kabla ya safari, maana ukiwa langoni umechoka hutakuwa na nguvu za kubishana. Bahashishi itolewe hapo mjini, mkononi kwa kila mpagazi, si yote kwa mtu mmoja. Matatu za Nairobi hupita Embu. Tiketi ya treni ya kurudi Mombasa usiikate ya siku hiyohiyo. Iache ya kesho yake, kwa sababu mvua moja msituni yatosha kuichelewesha gari hadi usiku.